Nyayo za Marumaru Mlimani Parasnath

Tuliondoka Madhuban, chini ya mlima Parasnath nchini India, saa tisa usiku, tochi mkononi, baridi ikitukata masikio. Nilifuatana na mzee jirani yangu wa Mombasa, Mjaini, yaani muumini wa dini ya kale ya India iitwayo Ujaini, ambaye babu yake alitoka Gujarat. Viatu alikuwa amevivua bondeni. Kupanda ni kilomita 9, kuzunguka vilele kilomita 9, kushuka kilomita 9, naye aliapa kutotia kitu kinywani hadi turudi, hata maji. Wabebaji wa machela walimbembeleza apande; akakunja viganja, akawashukuru, akaendelea kutembea.

Mlima huu wa jimbo la Jharkhand, wenye mita 1,365, Wajaini wanauita Shikharji. Wanaamini kuwa kati ya Tirthankara wao 24, yaani walimu wao wakuu, 20 walipata ukombozi hapa. Tirthankara maana yake ni mwenye kuweka kivuko. Mtu aliyekua akivuka Likoni hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kulipopambazuka tukafika kwenye kijumba cha kwanza cha ibada, cha Gautama, mwanafunzi mkuu wa Mahavira. Nilitegemea sanamu. Nikakuta jozi ya nyayo zilizochongwa kwenye marumaru, na punje za mchele zimetapakaa juu yake.

Nikamwambia mzee nilivyofundishwa, kwamba dini hii aliianzisha Mahavira katika karne ya 6 KK. Akasimama pale pale kwenye ngazi.

"Mwanangu, Mahavira ni wa 24. Wazazi wake mwenyewe walimfuata Parshva."

Basi njia nzima akanisimulia. Parshva ni wa 23, na mapokeo yanamweka miaka 250 hivi kabla ya Mahavira. Alifundisha viapo vinne: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kutomiliki mali. Mahavira akaja na vitano, useja ukitajwa peke yake, na watawa wake wakaacha hata nguo. Ikazuka hoja. Maandiko yao yanasema Keshi, wa upande wa Parshva, alikutana na Gautama mjini Shravasti akamuuliza: kama lengo ni moja, mbona sheria mbili? Gautama akajibu kwamba watu wa zama za Parshva walikuwa wanyofu na wepisi kuelewa, lakini wa zama hizi ni wakaidi na wazito. Hao lazima waambiwe kila kitu waziwazi. Keshi akaridhika, akajiunga nao. Mimi hapo ndipo niliposhikwa na dini hii: makundi mawili ya watawa yaliketi, yakaulizana, yakapatana.

Mbele yetu mtawa wa kike mwenye nguo nyeupe alitaka kupumzika. Kwanza akafagia ngazi kwa kifagio chake cha sufu, taratibu, mpaka sisimizi wa mwisho akasogea. Ndipo akaketi.

Hekalu la Parshva liko kwenye kilele cha juu kabisa, na tulilifikia mwisho. Mzee akapiga magoti, akainamisha paji la uso mbele ya nyayo za marumaru. Nyayo zake mwenyewe zikanielekea mimi, zimejaa vumbi, kisigino kimoja kinavuja damu.