Chura wa miezi tisa

"Miezi tisa, Bibi," alisema mjukuu wangu, nami nikaweka chini ungo wa mchele.

Tulikuwa barazani kwetu Kuze, magharibi imekaribia. Yeye hupenda kunisomea habari za wanyama kwenye simu. "Kuna chura yuwabeba mimba miezi tisa kama watu, kisha yuwazaa watoto kamili." Nikamwambia arudie. Nimefanya ukunga miaka thelathini na moja, na baadhi ya wanawake niliowazalisha niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa. Mimba ya miezi tisa naijua kwa mikono.

Chura huyo yuko mbali nasi, kwenye mlima Nimba, pale Guinea, Côte d'Ivoire na Liberia zinapokutana. Wataalamu humwita Nimbaphrynoides occidentalis. Makao yake ni nyanda za majani za juu, kuanzia kama mita 1,200 hadi karibu na kilele chenye mita 1,752. Ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita mbili tu.

Jike hushika mimba mvua zinapokaribia kwisha. Kiangazi kikija na majani yakikauka, hujificha ardhini na mimba yake, akakaa huko miezi mingi. Watoto tumboni hukua polepole mno, kana kwamba nao wanajua nje hakuna chakula. Mvua zikirudi hutoka, hula, na hapo ndipo watoto hunenepa kwa haraka. Hakuna kondo wala kitovu. Kuta za mji wa mimba hutoa maji yenye lishe, nao huyanywa kwa vinywa vyao. Hawapitii kidimbwini kama viluwiluwi. Huzaliwa mwezi wa sita hivi, vyura wadogo wenye miguu yote minne, tayari kuruka.

Kisha mjukuu akasoma jinsi anavyozaa, nikamwomba arudie mara mbili. Mji wa mimba wa mama huyu hauna misuli ya kusukuma. Basi huvuta pumzi, akajaza mapafu, na mwili ukitutumka ndipo mtoto husukumwa nje. Ni mara ngapi nimeshika mkono wa binti usiku wa manane nikamwambia, "Vuta pumzi, mwanangu, ishike, haya sasa sukuma"? Chura hana wa kumwambia. Machozi yalinilenga, sifichi.

Nilipouliza kama wako wengi, mtoto alinyamaza kwanza. Wako hatarini kabisa kutoweka. Ndani ya mlima ule kuna chuma kizuri sana. Upande wa Liberia kilichimbwa tangu miaka ya 1960, na upande wa Guinea wachimbaji wamekitamani miaka mingi. UNESCO iliutia mlima katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikaongeza upande wa Côte d'Ivoire mwaka uliofuata, na tangu 1992 urithi huo umo kwenye orodha ya ulio hatarini.

Najua chuma kinahitajika, na najua vijana wa kule nao wanatafuta kazi. Lakini fikirini hesabu ya uzazi. Chura wetu wa hapa hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Bata wakila mia, wengine wapo. Yule wa Nimba huzaa wachache kwa mwaka, na miezi mingi ya mimba yumo ardhini, mle mle mashine zinapochimbua. Jike mmoja akifukuliwa, kizazi chake chote cha mwaka ule kimekwenda naye. Wala hana pengine pa kuhamia, maana majani ya juu yakiisha, juu yake ni anga. Mwenye mimba hahamishwi hivi hivi. Huo ndio ukunga niliofundishwa na mamangu, na sioni kwa nini usimfae mama wa sentimita mbili.

Usiku ule mvua ilinyesha, na vyura wetu wakapiga kelele kwenye shimo lililojaa maji nyuma ya nyumba. Asubuhi mjukuu alitoka na ndoo ya maji ya sabuni, amwage palepale tunapomwaga siku zote. Nilimwita. Tukainama pamoja tukatazama: viluwiluwi weusi, wadogo kama punje za habasoda, wamejaa tele. Ndoo akaenda kuimwaga kwenye mfereji wa barabarani.