Ni biashara, mdogo wangu

Neno la kaka bado linanichoma. Jumapili, tulipokuwa tukila kwa dada, niliweka albamu ya "Rumours" ya bendi ya Fleetwood Mac, naye kaka akaisikiliza kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kitu kilichouza nakala zaidi ya milioni 40 ni biashara, mdogo wangu, si moyo." Nikamjibu, "Sawa, kaka," kama ninavyomjibu siku zote. Wiki hii mtoto wa dada amepata kipaimara na ofisi yetu imetangaziwa kuhamia Dodoma, lakini mimi nalala na kuamka na sentensi hiyo moja.

Biashara? Mwaka 1976 wanabendi hao watano waliingia katika studio isiyo na madirisha huko Sausalito, California, huku nyumba zao zikivunjika: John na Christine McVie walikuwa wameachana, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks walikuwa wakitengana, na ndoa ya Mick Fleetwood nayo ilikuwa mashakani. Christine alitunga "You Make Loving Fun" kwa ajili ya mwanamume mwingine, fundi wa taa wa bendi, na aliyepiga gitaa la besi katika wimbo huo ni John yule yule. Isikilizeni besi hiyo: haisitisiti wala haimfuniki mwimbaji, bali inamtengenezea njia ya kupita. Kanda zilichezwa na kurudiwa mno hata utando wake ukaanza kupukutika na mlio wa ngoma ukafifia, nao hawakuiacha kazi. Ni kweli kwamba ilipotoka Februari 1977 ilikaa kileleni Marekani kwa jumla ya wiki 31, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, lakini fedha hizo zilikuja baada ya machozi.

Jana usiku nimeisikiliza tena, na nilipofika "Songbird", Christine akiimba kwa piano katika ukumbi wa chuo kikuu cha Berkeley, hasira yote ikanitoka. Nimekumbuka kwamba kaka aliyasema maneno yale wimbo huo ulipokuwa ukimalizika, akiwa amekwisha kunawa mikono na bado ameinamia sahani tupu. Tangu shemeji alipoondoka sijamwona akivumilia wimbo wa mapenzi hadi mwisho, na huu aliusikiliza wote. Nitampelekea albamu hiyo, wala sitamdai jibu.