Logilaini iliyopoa: ndoano ilikuwa ukurasa wa 60

Rasimu ya logilaini, yaani sentensi moja ya kuuza wazo la filamu, ilisomeka hivi: "Mpiga mbizi wa Kilwa anapambana na majonzi baada ya kufiwa na mwanawe, na kugundua ukweli wa familia." Sarufi safi, filamu hakuna. Majonzi hayapigwi picha, na "ukweli" usiotajwa haumtegi mtu. Prodyuza mwenye rundo mezani anaona ukungu tu.

Dawa, yaani ndoano ya kumnasa msomaji, ilikuwa mle mle kwenye skripti, ukurasa wa 60, kwenye tukio la pango. Nikalipandisha juu. Kilwa ikatoka, familia ikatoka. Nikabakiza mtu asiyefaa kabisa kwa kazi anayotakiwa kuifanya, halafu nikamwekea muda:

"Mpiga mbizi aliyeapa kutogusa maji tangu mwanawe azame ana saa sita tu, kabla bahari haijajaa, kumtoa pangoni mtoto wa mtu anayemlaumu kwa kifo hicho."

Saa sita si pambo: maji yakishapwa, huchukua takriban muda huo kujaa. Mwisho wa hadithi nimeuacha nje.

Isome kwa sauti. Msikilizaji akiuliza "atathubutu?", imeshika. Akiuliza "kwani kinatokea nini?", rudi kwenye skripti, usihangaike na vivumishi.