Vidole vya mume wangu

Kijana wetu wa kwanza alipopiga simu kusema amepata mchumba na harusi itafungwa Juni, huko Ujerumani, mimi nililia kwa furaha. Baba yake akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu. Tungesafiri watatu: sisi wawili na binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 10. Ada ya viza tu ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa umri wake, na ukinyimwa hawakurudishii. Bado bima ya safari, ambayo lazima ibebe matibabu ya angalau euro 30,000. Nauli ya ndege siitaji, nitaumwa kichwa upya. Sisi tunaishi kwa matoleo ya waumini, na hata fedha ya kutoa nakala za vyeti niliisikia inavyotoka.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni ule uthibitisho kwamba tutarudi. Wanataka hati ya nyumba, barua ya mwajiri, taarifa ya benki. Nyumba tunayokaa ni ya misheni. Tukihamishwa, familia nyingine inaingia. Kwa miaka 22 tumehama vituo vinne, na kila mtoto wetu amezaliwa kituo chake. Penye anwani ya kudumu kalamu ilisimama. Niliwaza mwanangu naye, wakwe wakimuuliza kwenu ni wapi, anawajibu nini? Mwishowe askofu alituandikia barua kwamba utume wetu unaendelea na kanisa linatusubiri. Niliisoma mara tatu kabla ya kuifunga kwenye bahasha.

Siku ya miadi ya viza tulifika mjini alfajiri, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi usiku kucha. Dirishani palikuwa na binti wa rika la kijana wetu.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Karibuni."

Ikafika zamu ya kuchukuliwa alama za vidole kwa mashine. Vyangu, vidole vyote kumi, vilisomwa mara moja. Mtoto hakuguswa, kwani walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama. Ikaja zamu ya mume wangu, mashine ikakataa.

"Baba, futa mikono kidogo, halafu uweke tena."

Akafuta. Ikakataa. Akanawa, akarudi, ikakataa tena. Foleni nyuma yetu ilianza kuguna.

"Samahani baba, unafanya kazi gani?"

"Mchungaji, mwanangu."

Yule binti akaitazama mikono yake, kisha akarudi kuitazama fomu. Nilielewa. Mikono ile imechanganya zege la makanisa matatu na kuvuta kamba za visima sijui vingapi. Ncha za vidole zimelika, zinateleza kama kokoto za mtoni.

"Ni mikavu mno," akasema kwa upole. "Mama, huna mafuta ya kupaka?"

Nilikuwa nayo, kikopo kidogo kwenye mkoba. Nikamvuta mume wangu kwenye benchi, nikampaka kidole kimoja kimoja, nikikanda taratibu ngozi ilainike. Katika ndoa yetu sijawahi kumshika mikono mbele za watu kwa muda mrefu namna ile. Kwenye dole gumba la kulia kuna kovu la msumeno, la siku alipokuwa akitengeneza kitanda cha huyu huyu anayeoa. Nilikuwa nimelisahau.

Tukasubiri mafuta yaingie, nikamfuta kwa kitambaa, tukarudi dirishani. Vinne vya kushoto, vikakubali. Vinne vya kulia, vikakubali. Dole gumba lenye kovu lilikubali mara ya tatu, na yule binti akapiga makofi.

Viza zilitoka siku ya 13. Ya mizigo na ndege nayaruka. Tulipotua Ujerumani, ofisa wa mpakani alizipokea pasi zetu, akamtazama mume wangu, akamwonyesha kioo cha kuwekea vidole. Mwanetu alikuwa nje ya milango ile, anatungoja. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, nafungua kikopo.