Machinga: jina la watu, kisha kazi, kisha tusi

Ukitoka Lindi mjini kuelekea Kilwa unapita katika nchi ya Wamachinga. Ni kabila lenye lugha yake, Kimachinga, mojawapo ya lugha za Kibantu. Ile hadithi kwamba neno machinga, yaani mchuuzi wa mitaani, limetoka kwenye Kiingereza "marching guys", vijana wanaotembeza bidhaa, haina mashiko. Jina lilikuwepo kabla ya yeyote kutandika mitumba Kariakoo.

Vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha tangu enzi za kuvuka Rufiji kwa pantoni (Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003). Wengi waliishia kuuza vitu mkononi, na mjini wakaitwa Wamachinga wote, awe Mmwera, Mmakonde au Myao. Leo hata Msukuma mwenye soksi begani ni machinga.

Dharau iko wapi basi? Sikiliza viambishi. "Machinga wamejaa stendi" ni kauli ya kawaida. "Machinga yamejaa stendi" ni tusi. Madaktari na makarani nao wanaanza na ma-, lakini tunasema "wamefika", kwa sababu ni watu. Anayesema "yamejaa" amewaondoa kwenye watu na kuwapanga pamoja na majitu na majizi.

"Chinga" limezaliwa kwenye kosa hilohilo: mtu amedhani ma- ni ya wingi, akaikata. Wauzaji wenyewe wakiitana hivyo ni utani. Mteja au mgambo akisema "We chinga, toa hivyo vitu," hapo hakuna utani.

Linalouma zaidi kwetu kusini ni "kimachinga". Bibi wa huku akiongea Kimachinga anaongea lugha ya mama yake. Mjini "simu ya kimachinga" ni simu ya kutiliwa shaka. Kwa hiyo ukiandika, weka herufi kubwa kwa kabila na lugha, ndogo kwa kazi, na ubovu wa bidhaa uutaje kwa jina lake: feki, mbovu, ya bei poa.

Vitambulisho vya shilingi 20,000 ambavyo serikali iliwapa machinga kuanzia Desemba 2018 viliwaita wajasiriamali wadogo. Hilo ni la karatasini, huwezi kumwitia mtu barabarani. Ukimtaka muuza karanga pale stendi ya Mtwara, sema "mjomba" au "dada". Atageuka.