Greenham Common siku hizi ni malisho

Jumamosi nilikuwa Greenham Common, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi karibu na Newbury, Uingereza. Ng'ombe wanakula majani palepale zilipokuwa zikiruka ndege za kijeshi za Marekani! Njia ya kurukia imebomolewa karibu yote, ila mnara wa kuongozea ndege bado umesimama.

Jioni ya tarehe 5 Juni 1944 Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuja hapa kuwaaga askari wa miavuli waliokuwa wakienda kupigana Normandy, Ufaransa. Hiyo wengi tunaijua. Mimi kilichonivuta zaidi ni akina mama. Mwaka 1981 walitembea kwa miguu kutoka Cardiff, Wales, kupinga makombora ya nyuklia ya Marekani yaliyokuwa yaletwe hapa, wakapiga kambi getini. Desemba 1982 walifika kama 30,000, wakashikana mikono kuuzunguka uzio mzima. Makombora yakaja vilevile mwaka 1983, nao hawakuondoka. Matope, baridi, polisi kuwafukuza kila mara (na baridi ya huku mnaijua wenyewe).

Mkataba wa Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti wa 1987 ndio ulioyaondoa makombora, ya mwisho yakitoka 1991. Kambi ya akina mama ikadumu hadi 2000.

Maghala ya makombora bado yapo, yamefunikwa udongo na majani. Nimeyapiga picha nikiwa nje ya uzio, nitaziweka kesho.