Gitaa la flamenko kwa mfuko wa mwalimu: kumbukumbu ya mradi wangu, Moshi

Januari, wiki ya pili

Nimelipata: gitaa la kawaida la kugeuza liwe la flamenko, ule muziki wa Kihispania wa gitaa na vishindo vya wachezaji. Soko la Memorial, Jumamosi asubuhi, limening'inizwa kwa kamba katikati ya mabegi ya shule na viatu vya mitumba kama mbuzi buchani. Muuzaji akanipokea: "Mwalimu, hili la Kihispania kabisa, aliliacha mzungu aliyekuja kupanda mlima." Ualimu wangu aliujuaje sijui, labda kalamu nyekundu mfukoni. Ila hapa Moshi kila kitu kiliachwa na mzungu aliyekuja kupanda mlima. Akaanzia laki mbili na nusu.

Kabla ya kubishana bei nililikagua. Nilifumba jicho moja nikaiangalia shingo kuanzia kichwani: imenyooka. Nikachungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya ubao wa juu inashuka hadi upande wa ndani bila kukatika, maana yake ni ubao mmoja, si plaiwudi. Mbavu na mgongo ni plaiwudi, hilo halifichiki. Kisha nikachomeka karatasi chini ya daraja, kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi, ikazama kama nusu sentimita. Hapo ndipo nilipopata la kusemea. Mtu alilifunga nyuzi za chuma, na gitaa la nailoni likifungwa chuma huvutwa karibu maradufu ya lilivyoundiwa, daraja linaanza kung'oka. Nikamwonyesha, akakuna kichwa. Tukamalizana kwa laki moja na sitini.

Wanaouliza kwa nini sikununua la flamenko lenyewe: Yamaha wana CG172SF, kifua cha mbao ya sprusi, mgongo na mbavu za saiprasi, na ndilo wanaoanza wanashauriwa sana. Nilipiga hesabu ya bei, nikaongeza usafiri na ushuru, nikazima data.

Januari, mwishoni

Seremala wa Pasua ameligundisha daraja kwa gundi ya mbao na klempu mbili, nikaliacha kwake siku mbili. Nilimweleza kwamba magitaa ya flamenko ya asili hutengenezwa kwa saiprasi. Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Saiprasi hii tunayopigia kenchi, mwalimu?"

Karibu hiyohiyo. Ile ya Uhispania ni aina nyingine, hii iliyojaa kwenye mashamba ya West Kilimanjaro asili yake ni Meksiko, lakini ni ndugu. Na sababu ya Wahispania kuitumia ndiyo inayonipa moyo: ilikuwa karibu na ilikuwa rahisi. Mbao nyeusi za gharama zilitoka ng'ambo, na wapigaji wa flamenko hawakuwa matajiri. Kumbe ule wepesi wa saiprasi ndio unaotoa sauti kavu, inayotoka haraka na kufa haraka, isiyomezwa na vishindo vya miguu ya wachezaji.

Langu halina saiprasi. Nimeshakubali. Ila mbao ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kimo cha nyuzi, na hicho naweza kukigusa.

Februari, wiki ya kwanza

Gitaa la klasiki nyuzi zake hukaa juu. Uzi wa sita, ule mnene, pale freti ya 12 (kijichuma cha kumi na mbili shingoni) unaweza kuwa milimita 4 kutoka kwenye chuma. La flamenko hushuka mpaka karibu milimita 3, hata chini ya hapo, na nyuzi zikikwaruza kidogo ukizichapa hakuna anayelalamika. Ule mkwaruzo ni sehemu ya ladha.

Sina kipimo cha fundi. Nina kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne ni milimita 3 na ushee. Nilikusanya kadi zangu mbili, ya mke wangu na kitambulisho cha taifa, nikazibana pamoja, nikazipitisha chini ya uzi wa sita. Zilipita zikicheza. Nikaongeza ya tano, nayo ikapita.

Kinachopunguzwa ni kile kipande chembamba cheupe kinachobeba nyuzi darajani. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, unakata milimita 2 huku. Nikatandika msasa juu ya kioo ili kipande kisipinde, nikaanza kusugua upande wa chini. Sasa, kusugua plastiki kuna raha yake. Redio ilikuwa na mpira. Nilipokuja kupima nilikuwa nimekata 3.

Kulifunga nyuzi na kupiga: vvvrrr. Uzi wa nne na wa sita wanalia kama nyuki kwenye debe.

Februari, wiki ya tatu

Plastiki haiongezeki. Nikaenda buchani kuomba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene ulionyooka. Muuza nyama alitaka kunipa na uloto wake, nikamwambia toa, nataka mfupa mtupu. Nikauchemsha kwa muda wa saa tatu na sabuni ya unga ili mafuta yatoke. Mke wangu, Mama Neema, alifunua sufuria, akaniangalia, akafunika. Hakusema neno mpaka jioni: "Sufuria hiyo ni yako sasa."

Ukikauka juani siku nne unakuwa mweupe na mgumu ajabu. Msumeno wa chuma, kisha msasa namba 120, 240, 400. Vumbi lake linanuka kama jino linalotobolewa na daktari, fanya nje. Safari hii nilizima redio. Kadi nne zinapita kwa kugusa, ya tano inakataa. Na sauti imebadilika, nyuzi nyembamba zinatoka kali zaidi kuliko kwenye plastiki. Kama ni masikio yangu yanajipendelea kwa sababu ya jasho, sawa tu.

Machi, wiki ya kwanza

Kucha. Flamenko inapigwa kwa kucha za mkono wa kulia, kidole kimoja baada ya kingine kama feni inayofunguka, na zangu zinavunjika kwa chaki. Leo kapita yule kijana wa kupaka rangi kucha, akigonganisha chupa zake, nikamwita. Akauliza, "Dada yuko ndani?" Nikamwambia ni mimi. Mkono wa kulia tu, dawa ya kukazia kucha, isiyo na rangi. Alipaka kimyakimya, akachukua elfu moja, akaondoka haraka. Tangu hapo anapita kila Jumamosi na haulizi tena.

Kifua cha gitaa nacho kinagongwa kwa kucha ya kidole cha pete, ni sehemu ya mapigo. Ndiyo maana magitaa haya hubandikwa plastiki chini ya uzi wa kwanza, Wahispania wanaiita golpeador. Mimi nimebandika ile plastiki ya kujinata ya kuwekea kava madaftari, nimesukuma mapovu kwa rula. Kona moja tayari imechanika, lakini karatasi nzima inatoa nyingine tatu.

Mazoezi ni soleá, mtindo mmojawapo wa flamenko: mapigo 12, mkazo kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Nilikuwa naihesabu kwa vidole mezani wakati darasa la tano wanaandika, nikisikiliza mikazo tu. Mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona unaruka namba?"

Aprili, wiki ya pili

Masika imeshika. Kuta zinatoa jasho, chumvi imegandamana, na gitaa limekuwa gumu vidoleni. Nikatoa kadi. Nne zinapita zikicheza, ya tano karibu ipite. Ubao wa kifua umevuta unyevu, umevimba, umeinua daraja.

Nikashika msasa. Nikauweka. Kiangazi kikirudi ubao utashuka, nami nitakuwa nachemsha mifupa tena, na sufuria nimebakiwa na ile moja.

Nikakumbuka kile kipande cha plastiki nilichokiharibu Februari, kimekaa kwenye kopo la chaki. Nimekichomeka, nimetyuni, nimepitisha kadi. Nne, kwa kugusa. Mfupa nimeufunga kwenye karatasi na kuandika "kiangazi". Uzi wa sita bado unakwaruza kidogo nikiuchapa kwa nguvu. Nimeuacha hivyo.